Arobaini ya Samaki Mgeni

Mlio uliousikia kabla sijaanza kuzungumza si mvua juu ya bati. Julai hii nani Sumbawanga anatazamia mvua? Ni mapovu ya hewa. Niliyarekodi alfajiri ya leo nyumbani, chumba cha nyuma, kwenye beseni la plastiki la lita 60 lililozungushiwa blanketi kama mgonjwa wa homa. Ndani yake wamo samaki watano, hakuna anayefikia urefu wa kidole changu cha kati. Walitoka Ziwa Tanganyika, upande wa Kasanga, na leo wametimiza siku ya 23 ndani ya beseni hilo. Wenzao wako sebuleni kwenye tangi la kioo, hatua kumi tu kutoka hapo, na hawajaonana bado.

Mpwa wangu ana miaka saba, amekuja likizo. Juzi aliinama juu ya beseni akawatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mjomba, hawa wamekosa nini mpaka ukawafungia huku?" Nikamwambia hawajakosa kitu, wako arobaini. Akafikiri kidogo. "Kama mama alipomzaa mdogo wangu?" Nikamjibu ndiyo, vilevile kabisa.

Swali la mtoto huyo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti jioni hii, kwa sababu hata watu wazima wanaofuga samaki wa mapambo wanaliona beseni la pembeni kama jela. Mpaka samaki augue ndipo wanahangaika kutafuta ndoo ya kumtenga. Samaki mpya akifika mzima, rangi inawaka, anamiminwa palepale kati ya wenyeji, maana nani atamlaza mgeni mzuri chumba cha nyuma? Mimi nilifanya hivyo, na nitakusimulia yaliyonipata.

Kwanza neno lenyewe la kutenga huku, karantini. Limetoka kwa watu wa Venice, Italia, na kwao maana yake ni siku arobaini. Mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, mwaka 1377 ulianza kuwazuia wasafiri waliotoka kwenye miji yenye tauni, na siku zao zilikuwa thelathini. Baadaye hesabu ikawa arobaini na jina likang'ang'ania hapo. Sisi nasi tuna arobaini yetu. Mama aliyejifungua anakaa ndani, analetewa uji na mchuzi, na watu hawajazani kumbeba mtoto. Hakuna anayesema mama yule amefungwa. Anatunzwa, na mtoto anapewa muda wa kuizoea dunia.

Halafu kuna kisiwa kile cha Zanzibar, karibu kabisa na Mji Mkongwe, kinachoitwa Changuu. Jina hilo ni la samaki. Miaka ya 1890 lilijengwa gereza pale, lakini wafungwa waliokusudiwa hawakuletwa, na kisiwa kikageuzwa kituo cha karantini cha abiria wa meli, kwa hofu ya homa ya manjano na maradhi mengine ya safari. Watalii hadi leo wanakiita Kisiwa cha Gereza. Lakini waliolala pale walikuwa wasafiri wakingoja kuthibitika kuwa wazima. Kila ninapokumbuka kwamba kisiwa cha karantini kina jina la samaki, najisikia kama nimeachiwa ujumbe.

Sasa nirudi kwenye tangi langu. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na samaki kumi na wanne waliokwisha kuzoeana. Nikapata wengine watatu, wazuri, nikawachanganya siku hiyohiyo. Juma hilo umeme ukakatika mara mbili usiku, maji yakashuka hadi nyuzi 19. Siku ya sita nikaona samaki mmoja anajikuna kwenye jiwe, anajigeuza ubavu na kujisugua. Siku ya nane alikuwa na vidoa vyeupe mwilini kama amenyunyiziwa sembe. Kufikia mwisho wa juma la tatu nilibaki na samaki watatu tu.

Waliokuja kunipa pole walikuwa na maelezo yao. Wapo waliosema nina mkono mbaya na viumbe vya majini. Wapo waliotaja kijicho. Msikilizaji, jina la mji wetu huelezwa kuwa maana yake ni kutupa uchawi, basi tuutupe na kwenye jambo hili. Vidoa vile ni kimelea kinachojulikana vizuri. Wataalamu wamekijua tangu mwaka 1876, na jina lake la kitaalamu ni refu, Ichthyophthirius, kwa hiyo wafugaji wengi humwita kwa ufupi "iki". Aliingia na wale wageni watatu, na mlango nilimfungulia mimi.

Tuna methali: samaki mmoja akioza, huoza wote. Niliisikia tena na tena siku zile. Lakini methali hiyo ilizaliwa kwenye kapu, juu ya samaki waliokwisha kufa, wamelaliana hakuna wa kumwokoa mwenzake. Samaki aliye hai anaweza kutengwa. Tena anaweza kutengwa kabla hajaonyesha dalili yoyote, na hapo ndipo kutengwa kunapofaa zaidi. Iki akishaonekana kwa macho, tayari amekwisha kuzaa.

Tumwangalie kidogo mdudu huyu, maana ukimjua utajua kwa nini siku zinahesabiwa. Kidoa kimoja cheupe ni kimelea kimoja kimejichimbia chini ya ngozi ya samaki, kinakula. Kikishiba kinajidondosha, kinatua chini, kinajifunga ganda na kujigawa ndani yake mpaka kutoa watoto mamia. Watoto hao wanaogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku moja au mbili wanakufa. Dawa haimpati akiwa chini ya ngozi, wala haimpati akiwa ndani ya ganda. Inampata anapoogelea tu. Ndiyo maana mtu anatia dawa mara moja, vidoa vinatoweka, anashangilia, na baada ya siku chache vinarudi mara kumi.

Na hapa ndipo uwanda wetu wa Ufipa unapotofautiana na vitabu. Katika maji ya nyuzi 25 mzunguko huo unamalizika chini ya juma moja. Maji yakiwa ya baridi unarefuka, na kwenye nyuzi 10 unaweza kupita mwezi. Wewe unayenisikiliza ukiwa Katandala au Izia unajua usiku wa Juni na Julai ulivyo hapa, chai inapoa kabla hujamaliza kuimimina kwenye kikombe. Maelekezo yaliyoandikwa kwa nyumba yenye joto yanasema tibu siku saba. Ukiyafuata kwenye maji yaliyopoa, unaacha dawa wakati kimelea bado kimelala ndani ya ganda lake.

Basi beseni la karantini hapa linahitaji hita. Yangu ni ya wati 100, na kwa lita 60 katika chumba chenye nyuzi 14 alfajiri haikufikia nyuzi 26 nilizozitaka mpaka nilipolifunga beseni blanketi pande zote, nikaliweka juu ya kipande cha boksi la povu jeupe, lile linalobebea samaki wenye barafu, na kulifunika juu huku nikiacha upenyo. Umeme ukikatika, chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa vizuri zinaning'inizwa ndani na kubadilishwa. Pampu ya hewa inahamia kwenye betri ya sola. Katika mji ambao miaka mingi uliwashwa kwa umeme ulionunuliwa Zambia, kukatika kwa taa si habari, na anayefuga samaki lazima awe amejipanga kabla giza halijaingia.

Vitabu vingi pia vinashauri kupandisha joto hadi nyuzi 30 ili kummaliza iki. Ushauri huo huku juu una hatari. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kila mpishi wa hapa anajua maharage yanavyokawia kuiva, kwa sababu maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100. Hewa nyepesi ileile inayokawiza maharage inaingiza pia oksijeni kidogo ndani ya maji, pungufu kwa karibu sehemu ya tano ukilinganisha na pwani. Na maji kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo zaidi. Sasa mchukue samaki mgonjwa, ambaye kimelea kimekwisha kumshambulia matamvua, umweke kwenye maji ya nyuzi 30 juu ya uwanda. Utamwona anapanda juu kuhema. Mimi nasimama kwenye nyuzi 26 au 27, mapovu yakivuma usiku na mchana, na kazi nyingine naiachia chumvi.

Chumvi hiyo ni ya kawaida ya jikoni. Yangu ilitoka Uvinza, naipenda kwa sababu ni ya kwetu na historia yake ni ndefu. Kwa samaki mwenye vidoa natia gramu mbili kwa kila lita, yaani gramu 120 kwa beseni zima. Naziyeyusha pembeni na kuzigawa mara tatu katika siku moja na nusu ili samaki asishtuke. Jambo moja watu hukosea: maji yakipungua kwa kukauka, chumvi haiondoki nayo. Unaongeza maji matupu. Unapoyachota na kuyamwaga ndipo chumvi inaondoka, na hapo unarudisha kwa kadiri ya maji uliyomwaga.

Lakini nimeanza na ugonjwa, na hapo nimetangulia mambo. Beseni langu la sasa halina mgonjwa. Lina wageni.

Wageni hawa ni Tropheus, wa ukoo uleule wa sato na perege. Aina yao ya kwanza kuandikwa ilipewa jina Tropheus moorii mwaka 1898, kwa heshima ya Moore, Mwingereza aliyekuja kukusanya viumbe vya Ziwa Tanganyika. Samaki huyu anaishi kwenye miamba ya kandokando na haogelei kuvuka mchanga mpana, hivyo kila ghuba imejilea watu wake na rangi yake. Wa hapa ana wekundu, wa kule ana mkanda wa njano. Wapenzi wa samaki wa Ulaya na Marekani, ambao hawajawahi kuuona mkoa wetu wa Rukwa, wanawaagiza kwa majina ya vijiji vyetu, Kasanga, Kipili. Najivunia hilo, na pia linanipa wasiwasi, kwa sababu tunauza tusichojua kukitunza.

Wangu nilipewa na mkusanyaji mwenye leseni baada ya kumwona afisa uvuvi. Mzee mmoja mvuvi, nilipomwamkia pale ufukweni, aliitikia marahaba kisha akatazama mifuko yangu. "Mwalimu," akasema, "hao ukiwapandisha huko kwenu kwenye baridi wataishi?" Nikamjibu wataishi, mzee wangu, ila itabidi nibebe na ziwa kidogo. Akacheka, lakini nilimaanisha.

Maana maji ya Tanganyika yana tabia yake. Ni ya alkali, kipimo cha pH kinakaribia 9, na joto la juu ya ziwa halitikisiki sana mwaka mzima. Maji ya bomba mjini kwetu hayafanani na hayo. Nayaacha kwenye pipa siku nzima yakipigwa mapovu ili klorini itoke. Baadaye naongeza bikaboneti ya soda, ile inayotiwa kwenye maandazi, kidogo kidogo huku nikipima, mpaka yafanane na ya ziwani. Karatasi za kupimia niliziagiza Dar es Salaam zikaja kwa basi. Kazi hiyo niliimaliza siku tatu kabla ya kwenda kuchukua samaki. Beseni la karantini likiandaliwa baada ya samaki kufika, huyo samaki kafikia kwenye nyumba isiyoezekwa.

Njiani nako kuna somo. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi, sisi tuko zaidi ya mita 1,000 juu yake. Mfuko uliofungwa Kasanga ukiwa umejazwa hewa mpaka umekakamaa, ukipita Matai unaanza kuvimba, na ukifika Sumbawanga umetuna kama mpira wa kuchezea. Wapo waliopasukiwa na mifuko garini. Acha nafasi, theluthi moja maji na juu yake oksijeni isiyojaa pomoni, na samaki wawe wamefunga kula siku moja au mbili kabla ya safari ili wasichafue maji yao.

Uchafu huo ndio amonia, na kama jioni hii ungechukua neno moja tu nyumbani, ningekuomba uchukue hilo. Samaki anatoa amonia kwenye matamvua kila saa. Katika maji ya pH 7 karibu yote inakaa katika hali isiyomdhuru sana, na inayoua haifiki hata asilimia moja. Katika maji ya pH 9, yenye joto la nyuzi 25, inayoua ni zaidi ya theluthi. Kwa hiyo anayefuga samaki wa Tanganyika anafuga kwenye maji ambamo kosa dogo la usafi lina adhabu kubwa. Ndani ya mfuko uliofungwa, pumzi ya samaki inashusha pH na kuipoza amonia hiyo. Ukifungua mfuko na kuuacha wazi nusu saa ukimwongezea maji mapya tone kwa tone, kwa nia njema kabisa, pH inapanda na sumu inaamka. Mimi nauacha mfuko uelee ukiwa umefungwa dakika ishirini ili joto lilingane. Kisha nafungua, nawatoa samaki kwa wavu mara moja, na maji ya mfuko hayaingii beseni.

Kinachoimaliza amonia ni bakteria, na bakteria hawaji kwa siku moja. Kuwakuza upya kunachukua mwezi au zaidi, na kwenye baridi zaidi ya hapo. Siri yangu, ambayo si siri yangu pekee, ni kipande cha sponji. Kichujio rahisi kuliko vyote ni sponji iliyopitishiwa bomba dogo, hewa ikipanda ndani yake inavuta maji. Sponji ya ziada nimeiacha ikifanya kazi kwenye tangi la sebuleni mwaka mzima, imejaa bakteria, haina kazi nyingine ila kungoja. Siku ya wageni naichomoa pale na kuitia kwenye beseni. Beseni linakuwa hai siku hiyohiyo. Ila sponji ikishakaa karantini hairudi sebuleni kwa mlango huo. Inachemshwa, inakaushwa juani kabisa, na inaanza upya.

Vingine ni vichache. Chini pasiwe na mchanga wala mawe, pawe patupu ili uone kinyesi na uone chochote kilichodondoka. Maficho ni vipande vya bomba la plastiki la inchi mbili, ambavyo vinasuguliwa vikatakata. Beseni lina wavu wake, ndoo yake na mpira wake wa kuvutia maji, vyote nimevifunga utepe mwekundu. Kila asubuhi nahudumia tangi la sebuleni kwanza, beseni la wageni mwisho, kisha nanawa mikono na kuikausha. Tone moja la maji linatosha kumvusha iki, na mikono mikavu haina tone.

Kuhusu kinyesi, samahani kama uko mezani, lakini Tropheus huzungumza kwa kinyesi. Utumbo wake ni mrefu kwa sababu ziwani anakwangua mwani ulioota juu ya mawe siku nzima. Mfugaji mwenye huruma anamlisha nyama, moyo wa ng'ombe, dagaa waliosagwa, akidhani anamnenepesha. Baada ya siku kadhaa samaki anatafuna na kutema, anajitenga kwenye kona, tumbo linafura, na kinyesi kinatoka cheupe kama uzi. Hofu ya safari nayo inaweza kuleta hali hiyo hata kama hujamlisha vibaya. Ukiona uzi mweupe huo, acha chakula siku tatu, badilisha nusu ya maji, punguza mwanga na kelele. Wangu mmoja alianza siku ya nne. Nilimnyima chakula, nikafunika beseni kitambaa kizito, na siku ya nane alikula kipande cha mchicha uliochovywa kwenye maji moto.

Najua wapo wanaokimbilia metronidazo, vidonge vya tumbo vya binadamu, na ni kweli dawa hiyo hutumika kwa ugonjwa huu. Nakuomba sana usiipime kwa macho. Mwone daktari wa mifugo, mpelekee ujazo wa maji yako, akupe kipimo na siku, uzimalize. Dawa za watu zikimwagwa ovyo kwenye mabeseni tunawafundisha vimelea kuzizoea. Na kumbuka dawa nyingine zinaua hata bakteria wa sponji. Siku za dawa pima amonia kila asubuhi.

Wafipa wenye ng'ombe hawahitaji kushawishiwa kuhusu haya. Ng'ombe aliyenunuliwa mnadani haingizwi zizini usiku huo. Ikisikika homa ya mapafu au ugonjwa wa miguu na midomo, minada inafungwa na hakuna anayeuliza ng'ombe wamekosa nini. Wazee wetu waliishi na sotoka. Mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940, nchi hii iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa iligeuzwa ukanda wa kinga, ng'ombe wakachanjwa ili ugonjwa usivuke kwenda kusini mwa Afrika. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa haina sotoka tena. Sehemu ya ushindi huo ilipita jirani na malisho yetu.

Kwa samaki bado hatuna kumbukumbu kama hiyo, na natamani tusiipate kwa kulia. Mwishoni mwa mwaka 2006 samaki wenye vidonda vilivyochimba mwili walianza kuonekana kwenye mito Chobe na Zambezi. Chanzo kilikuwa ukungu wa majini ambao kabla ya hapo haukuwa umeandikwa Afrika, na ukishaingia mtoni hakuna wa kuutoa. Uwanda wetu umekaa katikati ya maziwa mawili. Maji ya upande mmoja yanashuka Tanganyika, ya upande wa pili yanateremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Samaki wao hawafanani. Ndoo moja ya maji ya karantini ikimwagwa mferejini inaweza kuunganisha yaliyotengwa na milima. Maji yangu nayamwaga chini ya mgomba uliopandwa mbali na mfereji, penye udongo mkavu. Samaki aliyekufa namfukia kwa kina. Na samaki uliyemchoka usimrudishe ziwani, hata kama alitoka huko, maana amekwisha kukaa na vimelea wa kwingine. Hata wa Kasanga ukimtupa Kipili umewachanganyia wenyeji damu ambayo miamba iliitenga muda mrefu kuliko tunavyoweza kuhesabu.

Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Watu walisema ziwa linapumzishwa. Maisha yalikuwa magumu Kirando na Kasanga miezi ile, nisingependa kuyapitia haraka kama hayakuwa kitu. Ila neno hilo, kupumzishwa, nimelichukua. Ndilo ninalolitumia nyumbani watu wanaponiuliza habari za chumba cha nyuma.

Kwa nini arobaini na si kumi na nne? Kwa sababu iki anaonekana mapema, lakini minyoo ya tumboni na vimelea vya matamvua vinachelewa kujionyesha, na samaki aliyetoka kwenye wavu, mfuko na gari hali vizuri mpaka juma la tatu. Kinga yake inarudi polepole. Wengi wanasema majuma manne yanatosha. Kwa baridi ya huku nimeona bora niende sita, na sita kasoro siku mbili ni arobaini.

Leo asubuhi kipimajoto kilisoma 25 na nusu. Amonia haikuonekana. Yule aliyeugua siku ya nne ndiye sasa anayewafukuza wenzake kwenye bomba. Siku zimebaki 17, na likizo ya mpwa wangu inaisha kabla ya hapo. Ameniomba nimpigie simu jioni ya siku ya arobaini, niisogeze simu kwenye tangi la sebuleni wageni wakishaingia, asikie kama mapovu yatalia tofauti.